Bandari za Kungojea Upepo

Ukiwauliza watu leo bandari nzuri ni ipi, watakutajia kina cha maji, urefu wa gati na idadi ya makontena yanayopakuliwa kwa mwaka. Ni vipimo vya haki kwa zama zetu, ila vinatupotosha tunapoisoma historia ya pwani. Tunaziona Kilwa Kisiwani, Lamu, Pate na Bandari ya Kale ya Mombasa kuwa miji iliyobahatika kwa dhahabu, pembe na watumwa, kisha ikafifia biashara ilipohama, na maji yaliyo mbele ya miji hiyo tunayasifu kwa utulivu wake na kupita. Hoja ya makala haya ni kwamba miji hiyo ilikua kwa sababu ya haja moja ambayo meli ya injini haiijui, yaani haja ya kukaa. Chombo cha tanga kilihitaji mahali pa kutia nanga kikabaki hapo kwa miezi, na ustaarabu wa pwani ulijengeka pale ambapo kukaa huko kuliwezekana.

Chanzo ni pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, ikivisukuma vyombo kutoka Bara Arabu, Ghuba na Bara Hindi kuja huku. Kusi huingia Aprili, na ndiyo inayovirudisha makwao. Baina ya pepo hizo kuna maleleji, upepo ukizubaa na kugeukageuka, na katikati ya kusi yenyewe, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba nahodha mwenye busara alikuwa hatoki. Kwa hiyo mtu wa Suri au Maskati aliyefika Januari hakuwa na njia ya kurudi kabla ya Aprili, hata kama shehena yake yote ingeuzwa siku ya kwanza. Aliyechelewa kupakia, akaikosa kusi ya mwanzo, alisubiri mpaka Agosti au Septemba inapolegea. Safari ya kuja, upepo ukiwa mwema, ilikuwa ya wiki chache. Kukaa kulikuwa kwa miezi. Wanahistoria wengi wameeleza vizuri jinsi pepo za msimu zilivyovileta vyombo. Wachache wamejali kwamba pepo hizohizo ndizo zilizovizuia visiondoke.

Na kulala nangani miezi mitatu ni kazi ya namna yake. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa sababu kucha zake zimezama chini na kamba inaivuta kwa ulalo, karibu sawa na sakafu ya bahari. Kamba ikiwa fupi huivuta kwenda juu na kuing'oa. Ndiyo maana baharia hutoa kamba yenye urefu wa mara kadhaa ya kina cha maji, na ndipo pwani yetu inapokuwa ngumu, maana wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Mahali palipokuwa na mita 4 maji yakiwa yamekupwa, baada ya saa 6 patakuwa na mita 8, na kamba iliyotosha asubuhi haitoshi tena mchana. Kamba yenyewe zamani ilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Ni nyepesi, inanyumbuka vizuri, haiozi upesi katika maji ya chumvi, lakini huelea, na ikisuguliwa na matumbawe kwa siku kadhaa haibaki kitu. Nanga ya makucha manne waliyoizoea wenye majahazi hunasa vyema mwambani, na pengine hunasa mno, isitoke tena. Kwa hiyo maji matulivu hayakutosha. Chini palitakiwa pawe tope au mchanga, na upande wa bahari kuu pawe na kisiwa, rasi au mwamba wa kuvunja mawimbi ya kusi, huku mlango ukibaki mpana kiasi cha chombo kisicho na injini kuingia na kutoka bila kutupwa ukingoni.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo mtu wa bandari za kisasa angelicheka: maji yakauke. Chombo cha mbao kinachokaa miezi katika bahari ya joto huotwa na majani na konokono, na huliwa na wadudu watoboao mbao. Dawa yake ilikuwa ni kukipandisha ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, kukisimamisha kwa gadi, kisha maji yanapokupwa watu wakaukwangua ubavu, wakazitia kalafati nyufa, wakapaka mafuta ya papa upande wa juu na shahamu iliyochanganywa na chokaa upande wa chini. Pwani yenye kina kikubwa hadi ukingoni haifai kwa kazi hiyo. Inayofaa ni hori lenye mteremko wa polepole, tope laini na bamvua kubwa. Tofauti ile ya mita 4 iliyomsumbua mtia nanga ndiyo iliyompa fundi karakana ya bure mara mbili kwa mwezi.

Tukizingatia masharti hayo, ramani ya miji ya kale inasomeka upya. Lamu imekaa ndani ya mkono wa bahari kati ya kisiwa chake na Manda, mbali kidogo na mlango ulioko Shela, mawimbi ya bahari kuu yakiwa yamekwisha nguvu kabla ya kuufikia mji. Jinsi maji hayo yanavyotawala mambo ya watu inaonekana katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilipoteremka pale kuishambulia Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema kwamba walioshindwa walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa, na wengi wakauawa ufukweni. Mtu anaweza kuwa na shaka na idadi ya wafu katika masimulizi kama hayo. Kuhusu maji sioni sababu ya shaka. Pate yenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. Mji ule hufikika maji yakijaa tu, na tope ambalo lilikuwa neema kwa mitepe na madau lilizidi kuwa kikwazo kadiri vyombo vilivyokuwa vikikua. Vita, fitina za ukoo wa Nabahani na nguvu ya Oman vilichangia zaidi kuiangusha, lakini bandari yake haikumsaidia mtu yeyote kuiinua tena.

Kilwa inaeleza jambo kubwa zaidi. Iko karibu na mpaka wa kusini ambao chombo kutoka Ghuba au Bara Hindi kiliweza kuufikia na kurejea ndani ya mwaka mmoja. Zaidi ya hapo, kwenda Sofala kwenye dhahabu, upepo hauaminiki na mwaka hautoshi. Dhahabu basi ililetwa Kilwa kwa vyombo vya pwani, na wageni walingoja hapo, kati ya kisiwa na bara, katika maji ambayo hata leo yana kina na utulivu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtawala anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na jumba hilo limesimama juu ya jabali likiyatazama maji, likiwa na ua mkubwa ambao baadhi ya watafiti wanauona kuwa wa shughuli za biashara. Lakini ushahidi wake ninaouthamini zaidi ni wa Mogadishu. Anasimulia kwamba chombo kikifika, vijana walikitokea kwa sambuki, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Wengi husoma habari hiyo kama sifa ya ukarimu. Mimi naisoma kwanza kama taratibu ya watu wanaojua kwamba mgeni hataondoka kesho. Mtu atakayekaa miezi anahitaji nyumba, mdhamini, mkopo, pengine na mke; na ndoa, ukoo, msikiti na lugha vikafuata. Mfanyabiashara wa kupita siku mbili angehitaji bei tu.

Hapa msomaji makini ataniuliza: Mogadishu ina bandari gani? Swali ni zuri, kwa maana Mogadishu, Marka na Barawa zimekaa kwenye ufuko ulio wazi, zikiwa na mwamba tu mbele yake, na kusi ikikaza pwani ile ya Banadiri ilikuwa haiendeki. Malindi nayo haina hori la kujificha. Ikiwa bandari ya kukaa ndiyo iliyojenga miji, hii ilijengwa na nini? Jibu langu ni kwamba miji hiyo ilikuwa na mambo mengine ya kuuza, mashamba na mifugo kutoka bara, na ilikuwa karibu zaidi na Arabuni, hivyo muda wa kungoja ulikuwa mfupi na ulidhibitika. Ilipokuja dhahabu ya kusini, ambayo ilidai kungoja kwa muda mrefu, Mogadishu iliyokuwa mbele katika biashara hiyo ilipitwa na Kilwa. Mji unaweza kusimama bila bandari ya kukaa. Kinachokuwa kigumu kwake ni kuyashika makutano ya misimu.

Malindi inajibu kwa sauti kubwa zaidi, na kwa kinywa cha adui. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akatia nanga nje ya bandari. Alipojaribu kuingia meli yake haikugeuka, ikagongana na nyingine, akatia nanga tena. Usiku waogeleaji wakaja kimyakimya kukata kamba za nanga za meli ndogo ya Berrio, walinzi wakidhani ni samaki. Baada ya siku chache alikuwa Malindi, ambako alipokewa vizuri, akapewa rubani, akaondoka tarehe 24 Aprili kuvuka kwenda Calicut. Tangu hapo Malindi ikawa rafiki wa Wareno kwa karibu miaka 100. Hata hivyo, mwaka 1593 Wareno waliyahamishia Mombasa makao yao ya pwani ya kaskazini, wakaanza kujenga Fort Jesus kwenye mlango wa bandari ile ile iliyowakataa, na mtawala wa Malindi aliwafuata kwenda kutawala huko. Ni kweli kilichowasukuma wakati ule kilikuwa ni hofu ya Waturuki, baada ya mashambulizi ya Mir Ali Bey. Lakini hofu inaeleza kwa nini walijenga ngome. Haielezi kwa nini hawakuijenga kwa rafiki yao. Ngome huwekwa mahali ambapo merikebu zitalala chini ya mizinga yake, na Malindi hapakuwa na pa kulala.

Pingamizi la pili ni kwamba usalama wa bandari hizi umetiwa chumvi. Lina ukweli wake. Bandari ya Zanzibar, upande wa magharibi wa Unguja, imekingwa na kisiwa chenyewe dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na visiwa vidogo vya Bawe, Changuu na Chapwani vinasaidia. Tarehe 15 Aprili 1872 kinga hiyo haikufaa kitu. Kimbunga, jambo la nadra sana katika latitudo zile, kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, kikaviharibu vyombo vilivyokuwa bandarini na merikebu za Sayyid Barghash. Mombasa mwaka 1697 merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliingia kuisaidia ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama hapohapo chini ya kuta zake, hadi wanaakiolojia walipoanza kuichimba mwaka 1977. Aliyefungwa bandarini huvamiwa kwa urahisi, na meli ya mvuke haikuepuka hatari hiyo: manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa nangani Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani ilipoitokea alfajiri na kuizamisha. Nayakubali yote hayo. Ila nahodha hakuwa akichagua kati ya bandari na usalama kamili. Alichagua kati ya bandari na bahari ya Juni. Na kama vyombo vilivyopatwa Zanzibar mwaka 1872 vilikuwa vingi, nadhani tarehe inasema sababu: ni katikati ya Aprili, kaskazi imekwisha, kusi inaingia, kila mtu anasubiri.

Zanzibar ya karne ya 19, kwa hakika, ndiyo kilele cha utaratibu huu wa kungoja. Sayyid Said alipohamishia makao yake huko kutoka Maskati alipata karafuu na maji matamu, lakini pia alipata bandari ambayo vyombo vikubwa vya msimu vingeweza kukaa, huku vidogo vikipandishwa kwenye hori la Funguni. Hilo linafumbua fumbo ambalo wakosoaji wa hoja hii hupenda kulitoa: kwamba Bagamoyo na Kilwa Kivinje, bandari kuu za misafara ya bara wakati huo, hazina bandari ya kutajika. Bagamoyo ni ufuko mtupu wenye maji haba. Kivinje haishindani hata kidogo na Kisiwani iliyo jirani yake. Sawa, lakini ni nani aliyelazimika kungoja Bagamoyo? Pembe na watu waliotekwa walivushwa kwa majahazi na mashua hadi Unguja, mwendo mfupi, na chombo cha kuvusha hukaa mchangani maji yakipwa, hupakia kwa mabega ya wapagazi, huelea yakijaa, huondoka. Bagamoyo ilikuwa mlango. Sebule ya kungojea ilikuwa ng'ambo.

Kisha mvuke ukaja, na ndani ya kizazi kimoja masharti yote yakapinduka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 meli za barua za Uingereza zikaanza kufika Zanzibar kwa ratiba. Meli ya mvuke haingojei upepo. Kila siku inayolala bandarini inakula fedha za mwenyewe. Haiwezi kukaa juu ya tope, kwa kuwa si umbo lake, na mlango mwembamba uliomtisha nahodha wa tanga hauitishi sana. Dar es Salaam ndiyo kielelezo. Hori lake zuri, lenye kina na lililofichika, lilikuwepo siku zote, na kwa karne nyingi kando yake palikuwa na vijiji vya wavuvi tu, Mzizima ikiwa mojawapo. Mlango wake ni mwembamba wenye kona, mtego kwa chombo kinachotegemea upepo. Sayyid Majid alipoanza kujenga mji pale katika miaka ya 1860 alikuwa akifikiria meli za mvuke. Akafa 1870, ndugu yake Barghash akaacha majumba yabomoke. Wajerumani walioanza na Bagamoyo walikuta kwamba meli zao zinatia nanga mbali sana na ufuko, na mwaka 1891 wakahamishia makao Dar es Salaam. Mombasa iligeuka ndani ya kisiwa kimoja: majahazi yakabaki Bandari ya Kale, upande wa Fort Jesus, na meli zikaenda upande wa pili, Kilindini, ambako reli ya Uganda ilianzia mwaka 1896 na gati za maji ya kina zikajengwa katika miaka ya 1920.

Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapotokea: si nanga wala kina, ni reli. Serikali za kikoloni ziliweka reli zilipotaka, na bandari ikafuata. Ushahidi wa tarehe haukubali moja kwa moja, kwa kuwa makao yalihamia Dar es Salaam 1891 na reli ya kati haikuanza hadi 1905. Lakini lazima nikiri kwamba pingamizi hili linaigusa Kilwa mahali ambapo hoja yangu haifiki. Kisiwani ina kina, ina kinga, ina nafasi. Kwa kipimo cha meli za chuma ingestahili kuwa kati ya bandari za kwanza. Haikuchaguliwa. Bandari ya kungojea ilikuwa na uwezo wa kuishi kwa wanaongoja, kwa nyumba, chakula na mikopo yao, hata kama bidhaa zilitoka Sofala. Bandari ya kina huishi kwa shehena inayoteremka kutoka bara nyuma yake, basi. Mtwara ilionyesha hivyo upesi: ilijengewa gati ya maji ya kina kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, gati ikafunguliwa 1954 baada ya mpango kwisha kufa, na reli yake iliyoelekea Nachingwea ikang'olewa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo siasa na reli zilichagua kati ya bandari zenye kina. Hazikuwa na uwezo wa kuichagua Bagamoyo, wala Pate.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya siku moja. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuja pwani hii ndani ya bumu la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na kitabu alichotoa 1940 kimejaa kungoja kwa namna ileile: kulala Zanzibar, kukwangua na kupaka ubavu, kisha kuingia Rufiji kupakia boriti za mikoko kwa ajili ya mapaa ya nyumba za Ghuba. Ni mafuta ya petroli, injini na vita vilivyofuata vilivyoumaliza msimu ule. Na hata sasa, anayesafiri kwa tanga bila ratiba hajabadilisha uchaguzi wake. Mashua za matanga za wazunguka dunia zinazoshuka na kaskazi huonekana katika hori la Kilifi chini ya magofu ya Mnarani, zikipimwa urefu wa milingoti na daraja lililofunguliwa 1991, na huonekana Lamu na Kilwa Kisiwani. Wenyewe hutumia mnyororo badala ya makumbi na kipimasauti badala ya bildi, ila hesabu ya kamba na bamvua ni ileile, na hutafuta tope. Bandari mpya ya Lamu, iliyopokea meli zake za kwanza Mei 2021, haikujengwa mbele ya mji. Iko ng'ambo, kwenye ghuba ya Manda, ambako kina kilichimbwa hadi mita zaidi ya 17, na hakuna chombo kinachopelekwa huko kungoja Aprili.